Bomba la Dawa ya Kupe

Mama alikuwa akitandika vitanda kwenye meli ya watalii, zile meli kubwa zenye vyumba kama hoteli. Korona ilipokuja watalii walishushwa wakarudishwa kwao, lakini wafanyakazi walibaki baharini, bandari moja baada ya nyingine ikiwakataa. Kila mmoja alifungiwa peke yake katika vyumba vilevile alivyokuwa akivisafisha. Chakula kiliwekwa chini mlangoni, mtu anagonga na kukimbia. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mwanamke wa Ufilipino aliyekuwa rafiki yake. Mama alituambia kwa simu kwamba yule mwanamke alikohoa, akakohoa, halafu akanyamaza. Tulipouliza kilichofuata, alisema tu, "Alinyamaza."

Mwishowe kampuni ilipata ndege ya kuwaleta, ila kila anayetaka kurudi kwao alitakiwa kukubali sheria. Mama alitusomea moja moja, sisi tumeinamia simu ya nyanya yetu mzaa Mama, Dani, kama watu wanaoota moto.

"Kutoka Nairobi ni gari la peke yangu na dereva, basi. Hakuna matatu. Hakuna kusimama njiani kula. Hakuna mtu kuja kunipokea. Nikifika, chumba changu mwenyewe na choo changu mwenyewe, wiki mbili. Mmesikia?"

"Tumesikia," tukasema.

"Hata kusalimiana kwa mkono?" Dani akauliza.

"Hata mkono, Mama."

"Hiyo ni nchi gani, mtu anarudi kama mwizi!"

Mama akacheka kidogo, halafu akauliza mdogo wangu anaendeleaje. Kila simu iliishia hapo. Mdogo wangu ana miaka sita na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ulio katika nyumba nyingi huku kwetu ziwani. Akinyeshewa, akiugua kifua, akishtuka, mifupa inaanza kumuuma mpaka anauma mto. Kwenye kliniki walikuwa wamemwambia Dani wazi kwamba hii korona ikimwingia kifuani, sijui. Walisema hivyo hivyo, "sijui." Kwa hiyo Mama hakuwa akiogopa kampuni, alikuwa akiogopa kile kifua kidogo.

Chumba chetu mtaani Manyatta ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia, na choo ni cha ploti nzima, wapangaji wote. Hapo huwezi kumtenga hata kuku. Ndiyo maana tulifurahi Baba Mkubwa, kaka ya marehemu baba yetu, aliposema Mama aende kwake Milimani, mtaa wa wenye nacho. Nyuma ya nyumba yake kuna chumba cha mfanyakazi chenye choo chake. Baba Mkubwa ni mtu wa ofisi. Siku hizo alikuwa hata akihojiwa redioni, akifundisha watu kunawa mikono huku akiimba wimbo wa kuhesabu. "Sheria ni sheria," alimwambia Dani. Mimi nilimwamini. Mimi huwaamini watu wenye sauti kubwa kwa sababu yangu haitoki.

Siku ya Mama kufika, Baba Mkubwa alituma gari mimi na mdogo wangu twende. Dani alikunja uso. "Si amesema hakuna kupokewa?"

"Mzee anasema watoto wamwone mama yao kwa mbali," dereva akajibu.

Dani hakuweza kwenda. Yeye ni mkwe pale, na mkwe haendi kukaa na kula kwa waliomwoa binti yake, hata kukiwa na korona. Alinishika bega akanielekeza kwa kidole upande wa pili wa barabara. "Kwa mbali ni kutoka hapa mpaka kwa yule muuza makaa. Umeona? Si karibu zaidi ya hapo."

Tulipoingia kwa lile geti nilifikiri kuna harusi. Hema. Viti vya plastiki. Kina mama wa kanisa wamevaa sare, na moshi wa mbuzi umejaa uani. Barakoa zilikuwepo, siwezi kusema hazikuwepo: zilikuwa kidevuni, zimelowa mchuzi. Mgeni akifika anatoa kiwiko, wanacheka, halafu wanasema, "Wacha mchezo, lete mkono," na mikono inashikana na kutikiswa kwa nguvu zote. Walinawa kwa beseni moja. Maji yalikuwa yamepata ngozi ya mafuta juu, na bado mtu alitumbukiza vidole, akavifuta kwa taulo ambalo mwenzake amefutia mdomo. Niliangalia lile taulo likizunguka toka mkono hadi mkono.

Mke wa Baba Mkubwa, Mama Mkubwa wetu, alimchukua mdogo wangu akamvisha gauni jeupe. "Wewe ndiye utampa mama maua. Utamrukia hivi, shingoni, tupige picha."

Nikasema, "Mama alisema kwa mbali."

"Eh?" Aligeuka. "Huyu naye anaongea! Leo amemeza nini?"

Kina mama walicheka. Mmoja akanipiga piga mgongoni kwa mkono uliotoka kwenye nyama. Nikabaki nimesimama karibu na gauni lile jeupe.

Ndipo Baba Mkubwa akatoka nyuma ya nyumba amebeba bomba mgongoni. Ni lile bomba la kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, ameliletesha kutoka shambani kwake kule Sondu. Akasimama mbele ya hema kama mtu wa mahubiri.

"Ndugu zangu, msiogope. Kule Sondu nikinunua ng'ombe sokoni, simwingizi zizini hivyo hivyo. Nampulizia getini. Kupe wanaanguka, ng'ombe anaingia. Kweli ama si kweli?"

"Kweli, Mzee!"

"Na hii korona ni nini, kama si kupe asiyeonekana? Wazungu wanasema wiki mbili kwa sababu hawajui bomba. Hapa ni dakika mbili!"

Makofi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Omera, ndugu yangu, wewe ulipaswa kuwa waziri wa afya!"

Sikuamini kwamba huyu ndiye yule wa redioni. Lakini pia niliona kitu ambacho kinanichukiza mpaka leo: hakuwa akidanganya. Aliamini. Wote waliamini, kwa sababu kila mmoja pale ametoka kwenye boma lenye ng'ombe na ameona kupe wakianguka.

Alikuwa ametia klorini, lakini bomba halikuoshwa. Alipopampu, yakatoka maji meupe kama maziwa yaliyooza, na ile harufu, sijui niiandike vipi. Kama mafuta ya taa yaliyolala na mnyama mgonjwa. Watu walipanga foleni. Walinyoosha mikono, wakageuza mgongo, wakacheka wakisema, "Na hapa kwapani, Mzee!" Kisha wakarudi kwenye nyama na mikono ileile.

Halafu akampulizia mdogo wangu, "awe tayari kwa mama." Alimpata usoni. Mtoto alifungua mdomo kulia na mkupuo wa pili ukaingia mdomoni. Mama Mkubwa akamfuta kwa leso aliyokuwa akijifutia jasho. "Nyamaza, nyathina, mwanangu, utaharibu picha."

Gari likaingia wakati huo. Vigelegele vilipanda. Dereva alisimama hapo hapo getini, madirisha yote juu. Kwenye kiti cha nyuma nilimwona Mama: barakoa, na juu ya barakoa kile kioo cha plastiki cha uso, na mikono ameiweka mapajani kama mtoto mbele ya mwalimu. Alikuwa amekonda. Macho yake yalipita kwenye hema, viti, bomba, yakafika kwetu, na nikaona yakipanuka.

"Shuka, mke wetu!" Baba Mkubwa aliita. "Shuka upulizwe, ule mbuzi!"

Mama aliinua kiganja. Hapana. Akasema kitu ambacho hakikusikika, akaonyesha mdogo wangu, akasukuma hewa kwa mikono yote miwili: mbali, mbali. Wao wakafikiri anapunga. Vigelegele vikazidi. Mama Mkubwa akamwinua mdogo wangu mpaka kwenye dirisha, na yule mtoto, macho yamevimba, akaanza kupiga kioo kwa viganja. "Mama! Mama, fungua!"

Mama aligeuza uso upande wa pili. Niliona shingo yake tu, na mshipa unaoruka shingoni.

Vigelegele vikakatika. Sauti moja ya kike ikasema polepole, ili isikike, "Ameona wazungu. Sasa sisi tunanuka."

"Wacha ajivune. Meli imemfanya malkia."

Baba Mkubwa aliona aibu, na aibu ya mtu mkubwa hutafuta mahali pa kutua. Alipampu akalipulizia gari. Boneti, milango, kioo. Maji meupe yakateremka kwenye dirisha mpaka Mama akafutika, kikabaki kivuli chake tu kimepinda. Dereva, maskini, akawasha waipa.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotapika. Wali, mbuzi, dawa, vyote, juu ya viatu vya Mama Mkubwa.

Siku yote wale watu hawakuogopa kitu. Walishikana mikono, walilishana, walikohoa kwenye sufuria. Lakini kuona matapishi ya mtoto waliyemnywesha dawa ya kupe wenyewe, waliruka. Mama Mkubwa alimwachia kama anayetupa jiwe la moto. "Korona! Mtoto ana korona!" Viti vilianguka. Mwalimu wa kwaya alipanda kibarazani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kila mtu alikuwa mbali na mwenzake, kama sheria ilivyotaka, na katikati ya ule mduara mkubwa alibaki mtoto mmoja amekaa chini, gauni jeupe limekuwa la kijani kibichi kwa nyongo, anajitazama mikono.

Sijui miguu yangu ilitoka wapi. Nilienda nikamwinua. Nilisikia kioo kikishuka, upana wa kidole.

"Mpeleke nyumbani," Mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili kusikia sauti yake bila simu. "Maji ya moto, si baridi. Mwoshe mpaka mdomoni. Nenda, usinitazame."

Nilimbeba mgongoni mpaka Manyatta. Bodaboda wa kwanza alitunusa akaondoka, wa pili sikumsimamisha. Dani alitufungulia, akarudi hatua moja nyuma, akasema, "Mmelala kwenye josho la ng'ombe?" Halafu akaona macho ya mtoto, akabandika maji.

Tulimwosha mara tatu. Sabuni ya nguo, sabuni ya kuogea, chumvi ya kusukutua mdomo. Harufu ilikaa kwenye nywele, Dani akazinyoa. Baada ya hapo tulianza kungoja. Dani alikuwa akiweka sikio kwenye kifua cha mtoto asubuhi na jioni, mimi nikiangalia midomo ya Dani badala ya kifua. Mtoto akisema mguu unawasha, tunaushika wote wawili. Akikohoa kwa vumbi la makaa, Dani anaweka sikio tena.

Kikohozi kilikuja, lakini kilikuja Milimani. Kilianza kwa mwalimu wa kwaya, kikaenda kwa kina mama wa sare, kikamlaza Baba Mkubwa. Pua yake ilikufa. Mfanyakazi wao aliniambia getini kwamba Mzee aliwekewa lile bomba mbele ya uso na hakunusa kitu, akalia. Sikumhurumia. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia.

Na unajua walisema nini? Kwamba Mama ndiye aliileta. Mama, ambaye hakugusa mkono wa mtu, aliyepita nyuma ya hema na sanduku lake mwenyewe baada ya wote kukimbia, akajifungia. Waliompima walimkuta safi mara zote mbili. Haikusaidia. Mama Mkubwa alimpigia Dani simu, kati ya kukohoa na kukohoa. "Yule mke wetu alituletea kitu cha meli. Na ana kiburi, hata hakupulizwa."

"Huyo ndiye mzima," Dani akasema, akakata.

Niliwapelekea chakula sijui mara ngapi. Nasema niliwapelekea, lakini kilikuwa cha Mama peke yake. Ugali na samaki kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Naweka chini kwenye geti la nyuma, narudi mpaka kwenye ua wa michongoma, yeye anatoka anachukua. Tulikuwa tukitazamana hivyo, mimi na yeye, watu wawili wasiojua kuongea kwa sauti. Siku moja aliniuliza kwa ishara, mkono kifuani, kichwa kimeinama: kifua cha mtoto? Nikainua dole gumba. Akarudi ndani haraka, akafunga mlango, nikamsikia akilia.

Wiki mbili zilipoisha alikuja Manyatta kwa miguu, mchana, sanduku kichwani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Jirani mmoja alivuta watoto wake ndani. Dani alisimama mlangoni na mikono yake haikujua pa kwenda, mpaka Mama akaweka sanduku chini akaishika yote miwili.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia, na hakutoka. Kichwa chake kilikuwa bado kipara.

"Njoo," Mama akasema.

"Umepulizwa?"

Mama alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Hapana," akasema. "Nimeoga kwa sabuni tu."

"Leta mkono."

Mama alipiga magoti akapitisha mkono chini ya pazia. Tuliona pazia likisogea. Mtoto alikinusa kiganja, akanusa nyuma yake, akanusa kati ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka, kama Dani anavyokagua dagaa wa mtu asiyemwamini. Kisha akauvuta ule mkono kwa ndani, na Mama mzima akaufuata.