Pasenti ya Boma Letu

Upepo wa alasiri ukitoka ziwani, hapa Kisumu ninapofanyia kazi, huleta harufu ya magugu maji yaliyooza na matope yanayoanza kukauka. Wenzangu hufunga madirisha wakiguna. Mimi harufu hiyo hunirudisha darasa la saba, kwenye daftari la hesabu lenye mistari ya miraba, na kwenye jambo ambalo nimemwambia mtu mmoja tu kabla yako wewe unayenisoma sasa.

Boma letu lilikuwa ufukweni, upande wa Nyakach, chini kabisa. Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya sukuma wiki ya baba, kisha jiwe ambalo mama alifulia nguo, kisha maji. Mbele ya nyumba shamba lilipanda polepole hadi barabarani. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla, tukamzika palepale bomani kama desturi yetu ilivyo, kando ya nyumba, kwenye kaburi la udongo lenye msalaba wa mbao ambao baba aliupaka rangi nyeupe kila Krismasi.

Mwaka huo ziwa lilipanda na halikushuka. Lilianza na jiwe la kufulia, likamaliza sukuma wiki, na kambale wakawa wanapita pale tulipokuwa tukichuma mboga. Baba alicheka, akasema sasa kitoweo kinatufuata chenyewe. Alicheka hivyo kama wiki moja, kisha akaacha.

Shuleni wakati huo tulikuwa tukisoma asilimia. Mwalimu wetu, Bwana Kamau, alikuwa ametoka Nyeri na aliliogopa ziwa hata likiwa mbali, lakini hesabu aliijua. Alitufundisha kwa uwiano: sehemu juu ya jumla ni sawa na kitu fulani juu ya mia, kisha unazidisha kwa mshazari na kugawanya. Niliipenda njia hiyo kwa sababu haikudai akili nyingi. Siku moja akatuambia kila mtu alete mfano wa nyumbani kwao. Wengine walileta kuku, wengine mahindi yaliyoliwa na fuko. Mimi nilileta ziwa.

Hatua nilikuwa nazo tayari. Tangu nikiwa mdogo, nikibeba ndoo ya maji, nilizihesabu ili nisihisi uzito: kutoka jiwe la kufulia hadi barabarani mia nne. Sasa maji yalikuwa yamekula sitini. Sitini juu ya mia nne, kitu juu ya mia. Jibu kumi na tano. Kwa hiyo boma lilikuwa limebaki asilimia themanini na tano. Nilipigia mstari mara mbili kwa rula.

Bwana Kamau aliliangalia daftari kwa muda. Alijua kwetu, alikuwa amewahi kuja kutupa pole ya mama.

"Pasenti ya nini?" akauliza.

"Ya boma, mwalimu."

"Barabara inaogopa maji? Wewe unaogopa maji yafike wapi? Chukua hatua za kufika hapo ndizo ziwe jumla yako, urudie."

Nilirudia. Kutoka kwenye jiwe hadi kaburi la mama zilikuwa hatua themanini. Sitini juu ya themanini: sabini na tano zimeliwa, zimebaki ishirini na tano. Aliweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Kwa kawaida aliandika "Vizuri" chini yake. Siku hiyo hakuandika kitu.

Jumamosi iliyofuata baba mdogo alishuka kutoka Katito, ambako alikuwa na shamba mahali pa juu, akiwa na wanaume wawili na majembe. Wazee walikuwa wamekubali. Alitaka mama atolewe akazikwe kwake, wakati udongo bado unashikika. "Maji yakiingia hapa, ndugu yangu, hatutaweza kuchimba tena," alisema. Baba hakuinuka kwenye kiti chake mlangoni. Kisha akaniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, kwa sauti ya upole aliyokuwa hajaitumia tangu msiba.

"Nyara, wewe ndio umesoma. Hebu ambia baba yako mdogo, boma yetu imebaki pasenti ngapi?"

Majibu yote mawili yalikuwa kwenye daftari nililolishika. Niliangalia majembe. Niliogopa kitakachotoka kwenye lile shimo. Niliogopa nitamwona mama na hatakuwa mama.

"Themanini na tano," nikasema.

"Si umesikia?" Baba alimgeukia ndugu yake. "Themanini na tano hiyo ni alama ya mtoto wa kwenda sekondari kubwa. Wacha mama yake alale." Akaniwekea mkono kichwani. Baba mdogo alinitazama mimi, si yeye, kisha wakapandisha kilima na majembe yao bila hata kunywa chai.

Mvua ya milimani ilikuja wiki ya tatu baada ya hapo. Hatua ishirini zilizobaki hadi kaburini hazikuchukua hata siku nne. Tulibeba magodoro, masufuria na mabati tuliyowahi kuyang'oa, na nilipogeuka msalaba ulikuwa umelala ubavu juu ya maji, ukizungukazunguka.

Nilikua nikiamini kwamba nilimpoteza mama mara ya pili kwa mdomo wangu. Nilipita mtihani wa hesabu vizuri sana, na nilijichukia kwa hilo. Mwaka jana nilimtembelea baba kule Katito anakoishi sasa, nikaamua kumwambia. Nilimweleza juu ya ishirini na tano. Aliendelea kumenya viazi vitamu.

"Mimi nilikuwa nimekanyaga hizo hatua kabla yako," alisema hatimaye. "Ndiyo maana niliuliza boma. Sikuuliza kaburi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akitafuta jibu. Alihitaji kinywa cha mtoto msomi, ambacho ndugu yake asingeweza kubishana nacho. Miaka yote nilifikiri kwamba nikisema ukweli nitapata nafuu. Sikupata, wala yeye hakupata. Tulikaa tukamenya viazi hadi vikaisha. Wote wawili tulijua, tangu siku ile, na tukamwacha mama pale.