Mstari wa Mwisho Ulioshuka Mlima Bendera

Nilitoka Kalemie kwa sababu ya sifa za watu wa baa. Wakati ule wa Zaire nilikuwa fundi wa kushona abakosi, suti zile zisizo na tai, na nilikuwa na motokari ndogo kuukuu yenye mashine nyuma. Kila nilipopita kwa kasi kando ya reli, waliniita bingwa. Basi niliposikia kwamba kule Bendera, kwenye stesheni ya umeme, kutakuwa na mashindano ya kupanda mlima, nikaamini yametayarishwa kwa ajili yangu.

“Breki ya mukono haishike,” alinikumbusha mke wangu, Mama Zaina.

“Mashindano ni ya kupanda, si ya kusimama,” nikamjibu.

Njiani nilikwama kwenye matope. Wanakijiji walinisukuma, wakauliza ninakwenda wapi. Nilipowaambia ninakwenda kwenye mbio, walicheka mpaka wakaiachia motokari.

Bendera nilipokelewa na Papa Kalunga, fundi wa mitambo na mwenye mashindano. Asubuhi aliifunga batri yangu kwa kamba, akanivika kofia ya chuma ya kazi.

“Papa Idi, kila mutu anapanda peke yake, tunapima saa. Mustari wa chokaa kule juu njo mwisho.”

Motokari ndefu ya komisere mmoja, mkubwa wa chama tawala, haikukaguliwa. Ilikuwa ya serikali, kwa hiyo ilikuwa nzima. Tuliimba na kucheza kumsifu, kisha akaondoka wa kwanza, yeye mwenyewe kwenye usukani, shofere wake akibaki nasi, mikono kichwani. Kwenye kona ya pili mvuke ulitoka, motokari ikazimika.

Papa Kalunga alichukua ndoo ya chokaa, akapanda mbio, akachora mstari mpya chini ya bampa ya komisere.

“Amefika!” akapaza sauti. Tukapiga makofi.

Zamu yangu ilipofika, niliambiwa nisimame kwenye mstari mpya. Niliuona vizuri. Niliuona na mteremko pia, na watu wote waliojaa chini yangu. Nikisimama bila breki ya mkono, nitawarudia kinyumenyume. Nikakanyaga mafuta, nikampita komisere akijipepea kwa kofia yake, nikaenda mpaka juu kabisa.

Huko nilimkuta mama mmoja akiuza mihogo.

“Papa, wengine wako wapi?”

“Wameshinda kule chini,” nikamwambia.

Niliposhuka, Papa Kalunga alinitoa kwenye mashindano bila kunitazama usoni. Nilikuwa nimeupita mwisho. Kikombe akapewa komisere.

Wakati wa kurudi, motokari yake ilikuwa bado imelala kwenye kona, kwa hiyo akapanda yangu, kikombe magotini.

“Ulifika juu namna gani?” akauliza njiani, kwa sauti ndogo. “Miye sikujua gia ya kupandia.”

“Gia ya kwanza, Sitoyen Komisere, na usiachie mafuta.”

Akaomba usukani. Alizimisha mashine mara nyingi, nami nilikuwa nimeshika mlango tayari kuruka. Lakini karibu na Kalemie alipanda kilima kimoja mpaka juu, akapiga kelele za furaha.

Nilichojifunza ni hiki: bingwa wa Bendera alianza kujifunza kupanda mlima baada ya kushinda, na mwalimu wake ni mimi niliyefukuzwa.