Fundi Cirimwami Aliyeapa Kuacha Jibini

Fundi Cirimwami anashona suti pale Bwiza, mtaa wa Bujumbura, na wateja wake wanasema mkono wake haukosei, isipokuwa kwenye viuno vya suruali zake mwenyewe. Hizo huzipanua kila baada ya miezi michache, kisha analalamika kwamba vitambaa vya siku hizi vinanywea.

Alizaliwa upande wa Kabare, Kongo, jirani na misheni ambayo mapadri wake walitengeneza jibini. Baba yake alikuwa akiwakamulia ng'ombe. Watoto wengine walizawadiwa pipi. Yeye alizawadiwa makombo ya jibini, akayala ameketi kwenye nyasi, na tangu hapo ulimi wake haukupata mapenzi mengine. Alipovuka kuja Bujumbura na kumwoa Dévote, Mrundi wa Musaga, aliacha mengi nyuma, lakini si hilo. Mchuuzi mmoja, Waridi, alimletea jibini nzima ya mviringo kila aliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Cirimwami aliiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akawa anaimega huku akishona, na haikuwa na bahati ya kumkuta Waridi akirudi safari nyingine.

Siku moja Assia, muuguzi wa kituo cha afya cha jirani, alikuja kujaribu gauni lake la Idi. Akamwona fundi anakandamiza kipaji cha uso. Akatoa mashine yake mkobani, akamfunga mkono, akasubiri, akakunja uso.

"Fundi, presha iko juu. Unakula nini?"

"Kidogo tu, dada. Mi si mutu wa kula."

Dévote, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alikohoa.

"Labda na fromaji," Cirimwami akaongeza, akiitaja jibini kwa Kifaransa chake. "Kipande."

Dévote akakohoa tena, mpaka Assia akamuuliza kama naye anaumwa.

"Fromaji si sumu," Assia akasema. "Inajenga mifupa, inashibisha. Lakini iko na chumvi mingi, na mafuta. Sikukatazi. Punguza tu, na uende kwa daktari."

Kwa daktari alikwenda, akaandikiwa vidonge. Lakini kupunguza, aliona ni kazi ya watu wasio na msimamo. Akasimama katikati ya karakana, mkasi mkononi, mbele ya wateja.

"Mi siigusi tena mpaka nakufa!"

Jumapili akawatangazia hata wanakwaya wenzake kanisani, nao wakamwombea kwa machozi kama mtu aliyeacha pombe kali ya kanyanga.

Kuapa kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kuishi baada ya kiapo. Ilipokaribia saa sita mchana, mate yalimjaa. Akanunua karanga za chumvi. Karanga hazikuwa jibini, akaongeza sambusa. Sambusa nazo hazikuwa jibini, akaongeza nyingine ili ahakikishe. Kiuno cha suruali hakikuonyesha toba yoyote, na fundi alikuwa mkali hata kwa vifungo.

Waridi aliporudi, Cirimwami alimfuata hadi kona ya barabara, akanunua kipande kidogo, kwa ajili ya kukinusa tu. Swali likawa atakificha wapi. Dévote alifungua kila droo na kila kopo la sindano. Kitu kimoja tu hakukigusa: nguo ya mteja. Basi Cirimwami akakifunga kipande chake katika kitambaa cheupe kilichobaki, akakitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lililokuwa limetundikwa tayari. Lilikuwa koti la Méthode, karani kijana aliyekuwa anajiandaa kupeleka mahari.

Kesho yake asubuhi fundi alishuka bandarini kuchukua vitambaa vilivyokuwa vimefika kwa meli kutoka Kigoma. Aliporudi, msumari wa koti ulikuwa mtupu.

"Koti iko wapi?"

"Dada yake Méthode amekuja kuchukua," Dévote akajibu. "Sherehe si ni leo? Na sisi tumealikwa. Vaa, tunachelewa."

Cirimwami alivaa kama mtu anayekwenda mahakamani.

Sherehe ilikuwa Musaga, chini ya maturubai, na jua lilikuwa halina huruma. Fundi alijaribu kumkaribia bwana harusi, lakini tayari alikuwa ameketishwa mbele, kati ya wajomba. Wasemaji wa pande mbili walikuwa wakirushiana maneno matamu kwa Kirundi kuhusu ng'ombe, kama ilivyo desturi, ingawa hapo hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Méthode akatokwa jasho. Akatia mkono mfukoni, akagusa kitambaa, akafurahi kwamba fundi amemwekea leso. Akaikunjua mbele ya wakwe.

Jibini ikaanguka mezani, ikiwa inang'aa mafuta.

Mzee Valéry, msemaji wa upande wa bwana harusi, aliitazama ile jibini, akamtazama Méthode, kisha akainuka polepole bila kubabaika.

"Waheshimiwa," akasema, "tumesema tunaleta ng'ombe. Tuliogopa mtatuuliza kama anakamuliwa. Maziwa yake ni hayo. Onjeni."

Turubai zima lilipasuka kwa kicheko. Baba wa binti akamega, akaonja, akatamka kwamba ng'ombe huyo amekubaliwa. Dévote peke yake hakucheka. Aligeuka taratibu kumtazama mumewe, ambaye ghafla alikuwa amevutiwa sana na kamba za maturubai.

"Baba Chanelle, ile kitambaa naijua."

"Mama Chanelle, nitaeleza."

"Utaelezea Assia."

Jumatatu akampeleka mwenyewe hadi kituoni. Assia alicheka mpaka akakaa chini, halafu akauliza maswali.

"Hamu inakushika saa ngapi?"

"Kabla ya saa sita."

"Asubuhi unakula nini?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Na sukari."

"Basi hiyo si hamu, fundi. Ni njaa imevaa suti. Na fromaji ukiikataa kabisa, unaiwaza mchana kutwa. Kula asubuhi. Fromaji kula mara mbili kwa wiki, ukubwa wa kiberiti, mezani, pamoja na watu. Isikae karibu na cherehani."

Safari hii hakuapa. Alianza kula asubuhi viazi vitamu na maharage, na parachichi lilipopatikana. Waridi akaambiwa alete kipande, si duara zima. Wiki za mwanzo Cirimwami alinuna, akadai chakula cha Dévote kimepunguzwa chumvi kwa chuki. Kisha siku moja akanywa supu ya mgahawani, akairudisha akisema wamemwaga ziwa la chumvi ndani. Presha ikaanza kushuka, kwa vidonge na kwa sahani. Kuna saa za kimya, mashine ikisimama, bado anaikumbuka misheni na baba yake akirudi na ndoo. Siku hizo humpigia simu kaka yake aliyebaki Kabare, wakazungumza mpaka salio liishe.

Jumapili jibini hukatwa nyembamba kama karatasi, ikapangwa na nyanya na matango. Dévote, ambaye miaka yote alisema inanuka miguu, siku hizi huchukua kipande cha kwanza. Wiki iliyopita alichukua na cha mwisho.

"Hicho ni changu," Cirimwami akalalamika. "Muganga ameniruhusu."

"We umeruhusiwa," Dévote akamjibu, akitafuna bila haraka. "Mi sijakatazwa."