Uso wa Ozella

Bi Verdell Stallworth alipika kwenye shule ya mtaa mpaka mgongo ukamgomea, na hakuna aliyewahi kumwita mchoraji. Watu wetu ndivyo walivyo: mtu akikupikia, hawamwoni na kazi nyingine. Lakini ndani ya kanisa la Mlima Nebo, pale Montgomery, ukuta mzima nyuma ya birika la ubatizo ulikuwa mchoro wa mkono wake.

Wazee walimwagiza achore mto Yordani, kama ulivyo kwenye makanisa mengi ya Wabaptisti weusi wa Alabama. Maji, mitende, njiwa mmoja, basi. Yeye akapanga ukingoni wanawake wa mtaani wakitembea na mikoba mkononi, kama walivyotembea mwaka ule watu weusi walipogoma kupanda mabasi yaliyowaketisha nyuma. Mchungaji wa wakati huo alinuna. Waliouokoa mchoro ni vikongwe.

"Hebu tazameni, si mimi huyo!" mmoja alipiga kelele. "Na vigimbi vyangu vyote! Verdell, huna haya wewe?"

Kanisa liliangua kicheko, mchungaji akafyata mkia.

Mbele ya wote pale ukutani alikuwa Ozella, mama yake Verdell, mfanyakazi wa ndani, aliyekwenda kazini na kurudi kwa miguu mwaka ule mzima akiwa na viatu vya marehemu mumewe, vimejazwa magazeti. Verdell wakati huo alikuwa na miaka tisa. Ozella hakupenda kamera, na picha moja aliyowahi kupigwa ilipotea nyumba yao ilipobomolewa kupisha barabara kuu. Uso wake ulibaki pale ukutani tu.

Birika lilivuja. Unyevu ulipanda ukaanza kula miguu ya wale wanawake, hivyo kila mwaka kabla ya Pasaka Bi Verdell alishuka kwenye birika tupu na kuwavisha viatu upya kwa rangi. Miaka ikapita, waumini wakafa, watoto wao wakahamia Atlanta. Waliosalia hawakujaza benchi mbili.

Siku moja Shemasi Hosea Mabry alimkuta kibarazani akichambua kunde.

"Dada Verdell, kanisa limeuzwa."

"Nilijua. Sura yako imekuwa ya mazishi tangu Jumapili."

"Lakini mchoro haufutwi! Yule kijana wa kizungu aliyenunua, Grayson, ameupenda kufa. Anafungua baa, na kaunta itakaa pale pale kwenye birika."

Bakuli likamponyoka, kunde zikatapakaa. "Yaani mama yangu awe anawatazama walevi, Hosea?"

"Afadhali hivyo kuliko kupakwa chokaa."

"Afadhali kwa nani? Nipe ufunguo. Nikawavishe viatu mara ya mwisho."

Viatu hakuvigusa. Alichukua rangi nyeusi na kahawia, akaanza kuwageuza. Penye macho aliweka kisogo, penye tabasamu akaweka shingo na kola ya koti. Mmoja baada ya mwingine wakaupa ukumbi kisogo. Hosea alipokuja kumwangalia, alishika kichwa.

"Umewafanya nini watu wetu?"

"Wamegeuka. Walikataa basi, na baa wataikataa."

"Na mama yako?"

Ozella alikuwa amebaki peke yake, anatazama mbele. Bi Verdell aliinua brashi, akaiweka chini, akaiinua tena. Akimwacha, wanywaji watamkodolea macho. Akimgeuza, hatamwona tena duniani. Alilia kama mtoto, na Hosea akamshikia kopo la rangi. Mwishowe akamgeuza. Mgongo ule aliujua vizuri, maana ndio aliouona dirishani kila alfajiri ya mwaka ule.

Siku ya kukabidhi ufunguo, Bi Verdell na Hosea walikuwapo Grayson alipoingia na maboksi, akasimama mbele ya ukuta. Bi Verdell alingojea hasira yake. Aliitaka sana hasira ile.

"Bi Verdell! Hii imezidi hata ile ya kwanza! Wateja watakaa wakijiuliza hawa wanakwenda wapi."

"Kazini," alisema Bi Verdell.

"Na usiwe na wasiwasi kuhusu yule mama wa mbele. Nilimpiga picha siku ya kwanza kabisa. Ndiye nembo yetu."

Akafungua boksi, akatoa glasi ya bia. Juu yake alikuwa Ozella, amechapwa kwa rangi nyekundu, anatabasamu. Maboksi mengine yalipangwa mpaka mlangoni.

"Chukua moja, zawadi."

Hosea alisubiri kuisikia ikipasuka sakafuni. Bi Verdell mwenyewe alidhani ataipasua. Aliigeuza glasi ili taa iimulike, akaona mwanya wa meno ya mama yake, na kovu dogo juu ya nyusi. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwa, akaiviringisha humo isije ikavunjika njiani, akatoka nayo bila kuaga.