Aliyekaza Nati Hukaa Nyuma

Gereji niliyojifunzia kazi mjini Malindi ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Gari likishashikwa miguu, yaani springi, breki au usukani, aliyekaza nati za mwisho hukaa kiti cha nyuma siku ya kulijaribu. Hakai mbele karibu na dereva. Hukaa nyuma, upande ule unaolemewa gari linapokata kona. Mwenye gereji alikuwa akisema, "Kama umekaza vizuri, utasinzia. Kama hukukaza, utasali." Niliingia pale nikiwa nimeacha shule darasa la sita, na nilikaa nyuma mara nyingi hata nikazoea kuyatambua magari kwa mgongo.

Shule niliiacha kwa sababu baba alitangulia na mama akamfuata. Matanga yalipokwisha, jamaa walikaa kutugawa: mjomba wa Marafa awachukue wadogo wawili, shangazi wa Malindi amchukue dada yangu anayenifuata, mimi nijitafutie. Nilisema hapana. Sikuwa na hoja, nilikuwa na hapana tu. Tukabaki wanne katika nyumba moja, na watu wazima wakakaa wakingoja nichoke.

Sikuchoka. Miaka ya themanini ilipofika katikati nilikuwa na gereji yangu Kibarani, kando ya mji wa Kilifi, kivuli chake mwarobaini, shimo lake nimelichonga mwenyewe kwenye mwamba wa matumbawe. Nilikuwa pia na gari. Lilikuwa dogo, jeupe, la milango miwili; liligongwa Watamu na mwenyewe akachoka kulitazama. Nililinyoosha bati, nikalifufua injini. Asubuhi liliwapeleka wadogo zetu shuleni na dada yangu kwenye shule ya watoto wadogo alikofundisha, mchana likabeba vipuri vyangu. Kila siku sote wanne tulikuwa ndani yake, na kila siku nilipotazama kioo cha juu na kuwaona nyuma, moyo wangu ulikaa sawa.

Gari hilo lilivutwa na magurudumu ya mbele. Wakati huo pwani yalikuwa machache, na watu hawakuyaamini.

Dada yangu ndiye aliyetaka mashindano. Katika shamba la mkonge lililo upande wa Malindi palikuwa na uwanja wa ndege usiotumika, na Jumapili kadhaa za mwaka wapenda magari walipanga mapipa pale wakakimbizana kuyazunguka. Mwanzo tulikwenda kutazama tu. Nilikuwa nimemfundisha kuendesha mimi, na sioni haya kusema kwamba alinipita. Mimi naendesha kama fundi, nasikiliza kinachogonga. Yeye aliendesha kama mtu anayejua mlango uko wapi hata gizani.

Tatizo likawa gari. Kwenye kona lilikuwa linalala, upande mmoja ukazama hadi tairi likasugua bati. Dawa yake tuliijua: stabilaiza. Ni chuma cha mviringo kinachopita chini ya gari, ncha zake zimekunjwa kama mikono, mkono mmoja umeshika gurudumu la kushoto na mwingine la kulia. Gari likitaka kulala upande mmoja, chuma hicho hujipinda na kuukataza. Kikiwa chembamba hukataza kwa upole, kikiwa kinene hukataza kwa ukali. Gari letu lilikuwa nacho mbele, chembamba, na nyuma halikuwa na kitu.

Sasa, mafundi wa pwani wa wakati ule tulilelewa na magari ya kubeba nazi. Kanuni yetu ilikuwa moja: panapozama ndipo pakazwe. Gari letu lilizama pua. Basi nilikwenda Mombasa kwa wauza vyuma vikuukuu, nikarudi nimevuka feri ya Kilifi na chuma kinene begani, nikakifunga mbele. Nikakaa nyuma kama sheria inavyosema, dada yangu akaliwasha, tukaenda uwanjani kulijaribu.

Halikulala tena. Lakini halikukata kona pia. Dada yangu alizungusha usukani, gari likaendelea mbele moja kwa moja, gurudumu la ndani likizunguka bure na kutoa moshi, mpaka tukaingia kwenye mstari wa mkonge. Jani moja lilikuwa limepita dirishani.

"Kaka," akasema, "umesinzia?"

Dereva wa hoteli moja ya Watamu, bingwa wa uwanja ule, alikuja kututoa. Alikuwa na gari kubwa la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na mdomo mkubwa kulishinda.

"Nilikwambia, bwana fundi. Gari la kuvutwa pua kama ng'ombe wa mnadani, litakufikisha wapi?"

"Ng'ombe hufika mnadani," dada yangu akamjibu. "Lako linasukumwa mgongoni kama mkokoteni. Siku msukumaji akijikwaa tutakuokota."

Yule bwana alicheka mpaka akafuta macho, na tangu hapo walitaniana kila walipokutana.

Mimi nililala chini ya gari siku nzima nikifikiri. Magurudumu ya mbele ya gari kama lile yana kazi mbili, kuvuta na kukata kona. Nilipokaza mbele niliyaongezea mzigo yale yale yaliyokwisha kulemewa. Yaliyokaa bure yalikuwa ya nyuma. Basi kile chembamba nikakirudisha mbele kilikotoka, na kile kinene, baada ya kukitengenezea vishikio na bushi mpya za raba, nikakifunga nyuma. Nati za raba nilizikaza gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, kwa maana ukizikaza likiwa juu ya jeki, raba huzaliwa zimejinyonga.

Jumapili iliyofuata, lo, lilikuwa gari jingine. Lilifika kwenye pipa, pua ikaingia ndani yenyewe, gurudumu moja la nyuma likanyanyuka kidogo kama mbwa kwenye nguzo, na tukatoka upande wa pili dada yangu akiimba. Niliyaona mapipa yakipita karibu na haraka kuliko nilivyozoea, na nikajua dawa nimeipata. Nilijiona fundi kweli.

Jumatatu kulikuwa na manyunyu. Dada yangu aliendesha, mimi kando yake, wadogo nyuma na mikoba yao. Kwenye kona ya mikorosho ng'ombe alikuwa katikati ya barabara. Dada yangu aliondoa mguu kwenye mafuta, kama mtu yeyote angefanya. Mkia wa gari ukatupita. Hakuna neno jingine. Ulitupita, tukazunguka, tukasimama kando ya barabara juu ya majani ya mikorosho, tukitazama tulikotoka. Ng'ombe alikwenda zake.

Hakuumia mtu. Mdogo wetu wa mwisho aliinua kichwa akauliza, "Tumesahau kitu nyumbani?"

Wote walicheka, mimi sikuweza. Nilijua kilichotokea: mguu ulipotoka kwenye mafuta uzito ulikimbilia mbele, nyuma ikabaki nyepesi, na kile chuma kinene kikaifanya iteleze. Chuma kinachofaa kwenye mapipa, pakavu, dereva akiwa peke yake, hakifai kwenye lami yenye maji na watoto nyuma. Nilisema jioni hiyo kwamba nakitoa.

"Ukikitoa umenitoa na mimi," dada yangu akasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. "Bila kile, ni kwenda kulima mkonge."

"Wanne wanaotoka hapa asubuhi warudi wanne. Hilo tu ndilo ninalolijua."

"Nami mmoja wao, kaka. Usinihesabu kama mzigo."

Neno hilo lilinikaa. Hakuna aliyeshindana na mimi ndani ya nyumba ile kwa miaka mingi, na nilipomtazama niliona si mtoto niliyemkatalia shangazi. Chuma sikukitoa. Nililiegesha gari, na siku zilizofuata wadogo walikwenda shule kwa miguu wakininung'unikia.

Jawabu lilikuja nikiwa kazini, nati ya lori imekataa kufunguka. Nilifanya tunachofanya siku zote: nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, mpini ukawa mrefu, nati ikalegea kama imeombwa. Nikasimama na spana mkononi. Mkono mrefu hupinda kwa urahisi, mkono mfupi hubisha. Mikono ya stabilaiza ilikuwa na tundu moja moja karibu na ncha, pale nati inapoufunga mkono kwenye gurudumu. Nikitoboa la pili, ndani kidogo, chuma kile kile kitakuwa na tabia mbili: tundu la nje, kipole, cha barabara, tundu la ndani, kikali, cha mapipa.

Kutoboa chuma cha namna ile si kazi ya kusimulia kwa furaha. Hukichomi moto, maana kikichomwa hupoteza nguvu ya kurudi. Tulikitoboa polepole kwa keekee, mafuta yakidondoka, dada yangu akishika upande mmoja na mimi mwingine. Tukakifunga kwenye tundu la nje, tukangoja mvua. Iliponyesha nilikaa nyuma, yeye akaipita kona ya mikorosho mara kadhaa, akiondoa mguu kwa makusudi. Mkia ulitikisika kidogo, ukabaki nyuma ulipozaliwa.

"Umesinzia?" akauliza.

"Karibu."

Tukakubaliana hivi: hakuna anayelitoa gari uwanjani kuja nyumbani nati ikiwa tundu la ndani. Mvua iwepo au isiwepo.

Siku ya mashindano namba yetu iliandikwa mlangoni kwa chokaa. Nilihamisha nati asubuhi, pale pale kando ya mapipa, na wadogo wakanikabidhi spana kama wauguzi. Sitasimulia kila mzunguko. Pale penye mwendo mrefu gari kubwa la Watamu lilituacha. Kwenye mapipa tulilimeza. Kabla ya mwisho palikuwa na kona tatu zilizofuatana, na dada yangu aliziingia kana kwamba zimechorwa na mkono wake. Yule bwana wa hoteli alikuwa wa kwanza kuja kumpa mkono. "Ng'ombe amefika mnadani," akasema, "na kauza watu wote."

Watu walimzunguka. Wapo waliotaka kumbeba, wapo waliotaka aende nao Watamu kusherehekea, na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa msitu wa Sokoke. Nikaenda kuchukua jeki, nikijua ni juu yangu kukumbuka. Jeki haikuwepo. Nililikuta gari limenyanyuliwa na kuegemezwa mawe, na chini yake zimetokeza kandambili za dada yangu na upindo wa kanga aliyojifunga ili asichafue gauni. Alihamisha nati ya kushoto, akatambaa, akahamisha ya kulia. Kisha akatoka, akaliteremsha gari chini, akarudi tena kuzikaza likiwa limesimama kwa uzito wake.

Alijipangusa, akanipa ufunguo.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Aliyekaza nati hukaa nyuma."

Basi bingwa wa uwanja alirudi Kilifi kiti cha nyuma, amebanwa na wadogo zake, kombe la ushindi likiwa mapajani. Mvua ilitupata kabla hatujafika. Kwenye kona ya mikorosho niliondoa mguu kidogo, kwa makusudi, gari likakata kona bila ubishi. Nilitazama kioo. Dada yangu alikuwa amesinzia.