Shimo la Chumba Namba Tatu

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ujinga siupendi. Kiinua mgongo changu chote kiko kwenye nyumba ya vyumba vinne karibu na Masara: vitatu vya kupangisha, na cha mwisho, chenye sebule yake, naishi mwenyewe. Nyumba hiyo ikianguka itabidi nihamie Ndhiwa kwa wifi yangu, mwanamke anayehesabu vijiko mgeni akishaaga. Heri nilale na kuku.

Mpangaji wangu wa chumba namba tatu, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, alikuwa bwana mpole wa makamo. Alipanda sukuma wiki kwenye magunia mlangoni pake. Gunia moja, mawili, mwishowe kumi na saba. Nilimsifu hata kanisani. Udongo wote ule ulitoka wapi, sikujiuliza, na sayansi nimefundisha miaka thelathini.

Kisha ukuta wetu ukapata ufa wa kuingiza kidole. Nikafungua chumba chake kwa ufunguo wa akiba. Kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na mahali pake palikuwa na shimo lenye ngazi. Mwenyewe alikuwa huko chini, amevaa taa kichwani.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu," akasema.

"Habari yako itie mfukoni. Utatoka humu kwa amri ya korti."

"Usikasirike, Mwalimu. Mwamba wa dhahabu umekata kona. Sasa unaelekea sebuleni kwako."

Nikamshtaki. Wakili wangu aliiomba korti imwondoe na imlazimishe kufukia shimo kabla nyumba haijalala chini. Hakimu akasema kesi itasikizwa baada ya mwezi, na kabla ya hapo mtu yeyote asichimbe pale. Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Hapo ndipo shetani akapata nafasi. Kila nikikaa kunywa chai, nasikia tu: unaelekea sebuleni kwako. Nikasema nichungulie kidogo, kwa ajili ya ushahidi. Nikakunja kapeti, nikapasua sakafu, nikashika jembe. Ushahidi ukanifika magotini, ukanifika kiunoni. Udongo wake niliupeleka wapi? Nilipanda sukuma wiki.

Siku ya kesi hakimu akaamua twende wote tukajionee. Tulifika na mawakili wawili, mpima ardhi na futi yake, na majirani ambao hakuna aliyewaita. Mpima ardhi akashuka kwenye shimo la mpangaji. Sisi wengine tukaingia sebuleni kwangu, maana hakimu alitaka kuuona ufa kwa upande huo. Shimo langu nilikuwa nimelifunika kwa mbao, kapeti, na meza yenye kitambaa. Sikujua kwamba udongo uliobaki kati yangu na mpangaji ni mwembamba kama chapati.

Hakimu alikuwa ndiyo kwanza anakaa kwenye sofa kapeti ilipoinuka. Meza ikapinduka, na kichwa cha mpima ardhi kikatokeza, vumbi tupu.

"Futi kumi na mbili," akasema. "Kutoka kitandani hadi kwenye sofa."

Hakimu akanigeukia. "Mwalimu, hili shimo ni la nani?"

Miaka thelathini nimewauliza watoto maswali ya namna hiyo. "Ni ushahidi, mheshimiwa," nikasema. Hakimu akakohoa kwenye leso kwa muda mrefu.

Akaamuru mpangaji ahame, lakini kwanza tufukie wote wawili, na kila mtu ajilipie wakili wake. Mchimba kisima huingia mwenyewe: methali hiyo nimewakaririsha darasa la nne mpaka wakachoka. Wiki nzima tulipokezana karai, mimi na adui yangu, tukang'oa sukuma yote ili turudishe udongo. Niliona haya, siwezi kudanganya. Lakini nyumba ilisimama, na wifi yangu akabaki na vijiko vyake. Dhahabu hatukuona hata ya kuziba jino.

Jumamosi iliyofuata mpima ardhi alirudi peke yake, amevaa buti za mpira. Akaniuliza kwa adabu kama chumba namba tatu kiko wazi, maana yeye anapenda sana kulima sukuma wiki.