Goti Ndilo Huchagua Krenki

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa goti la mtu. Nilikuwa nimetoka Bungoma na shati moja la maana, nikapata kibarua katika karakana ya baiskeli pale Eneo la Viwanda, Thika. Foreman, mzee mnene mwenye sauti nzito, alimketisha tarishi wa kiwanda juu ya baiskeli, akaiegemeza ukutani, akamwambia akanyage kinyumenyume. Kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya goti la yule tarishi.

"Atiriri, sikiliza, kijana. Linalia?"

"Linakwaruza kidogo, mzee."

"Basi hiyo ndiyo kazi. Ukiona fundi anachagua krenki kwa macho, mwambie akauze viatu."

Krenki, kwa nyinyi mliozaliwa wakati wa pikipiki, ni ile mikono miwili ya chuma inayoshika pedeli. Ikiwa mirefu kuliko mguu unavyotaka, goti hupanda juu mno kila mzunguko, na siku moja litagoma. Zetu zilifungwa kwa kota, yaani pini ya chuma iliyochongwa ubavu mmoja. Kota ya kulia na ya kushoto lazima ziingie kutoka pande tofauti. Ukiziingiza upande mmoja, pedeli hazikai sawa, na mwendeshaji anachechemea akiwa ameketi! Foreman akikuta kosa hilo hakutukana. Alikutuma uiendeshe wewe mwenyewe hadi Ngoingwa na kurudi. Mimi nilitumwa mara moja tu, ikanitosha.

Karakana ilipofungwa nilihamia Ruiru, kwenye duka la baiskeli lenye madirisha makubwa ya vioo. Meneja wa hapo hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda vitu vinavyong'aa.

"Fundi, mteja hununua kwa macho," aliniambia.

"Na hulipia kwa goti, boss."

Alicheka, akaniachia kona yangu na ukuta wangu. Hapo niliuza krenki nyingi za baiskeli za giya moja, na hizo hazina mchezo. Hakuna giya nyepesi ya kukimbilia mlimani. Ukifupisha krenki, weka sprocketi ya nyuma, lile duara linaloshika cheni, yenye meno mengi zaidi, la sivyo mlima utakushinda. Na cheni inyooke kabisa mbele hadi nyuma. Krenki ikikaa nje hata kidogo, cheni itaruka ukiwa katikati ya barabara.

Nilimalizia kazi kwenye kibanda changu mwenyewe hapa Gitothua, nikastaafu na goti la kushoto bovu. Daktari alisema nilipumzishe. Mke wangu, Mama Nafula, akapitiliza.

"Uza hiyo baiskeli kabla haijakumwaga kwa lami. Nimeshaongea na Kamau jirani, anakuja kuichukua Jumamosi."

Nilikasirika sana, na nilikasirika kwa sababu niliogopa. Baiskeli ndiyo imenipeleka kazini, kanisani na kwa marafiki tangu ujana. Ikiondoka ningebaki kwenye kiti pale mlangoni, nikisalimia wanaopita. Nikasema ng'o, siuzi, na asubuhi ya Jumamosi nikalimwaga gunia langu la krenki kuukuu uani.

Ila kuna jambo fundi hawezi, nalo ni kupima goti lake mwenyewe. Ukiinama kulishika, kiuno kinahama na goti linakudanganya.

"Mama Nafula, njoo unishikie hapa."

"Mimi? Nina ugali motoni."

"Epua."

Alikuja amenuna. Nikaegemea ukuta, nikakanyaga kinyumenyume, mkono wake ukiwa gotini.

"Woi, Baba Nafula! Hili linalia hivi na wewe unanyamaza tu? Toa hizo."

Nikafunga fupi kidogo, akatikisa kichwa. Nikafunga fupi zaidi, nilizozitoa kwenye baiskeli ya mtoto wa shule. Hazina sura, zimechubuka rangi yote. Nikakanyaga. Alifumba macho, mkono ukifuata goti likipanda na kushuka.

"Sasa limetulia," akasema, na hakuuondoa mkono haraka.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, najua simu zenu zitawaonyesha krenki za kila rangi. Ziangalieni, sawa. Lakini kabla ya kufunga hata nati moja, shikeni goti la mtu na msubiri.

Nilibadilisha sprocketi ya nyuma, nikapanda polepole hadi barabara kuu. Mlima ulinitoa jasho, nikakataa kushuka. Niliporudi nilimkuta Kamau amesimama getini, na Mama Nafula amejaa mlangoni na mwiko mkononi.

"Katafute yako, Kamau," alikuwa akimwambia. "Hii imepimwa kwa mguu wa mwenyewe."